Chance kutembea juu ya maji: karama au tunachezwa shere?

Hapa barazani Langoni, Lamu, tumegawanyika juu ya mwisho wa Being There, ile komedi ya Hal Ashby ya 1979. Kwa asiyeiona: Peter Sellers ni Chance, mtunza bustani asiyejua kusoma, maisha yake ni miche na tivii basi, mwenye nyumba akifa anatolewa nje, anaangukia kwa tajiri Ben Rand na kila akitaja mizizi na misimu wakubwa, hadi rais wa Marekani, wanadhani anachambua uchumi. Mwisho Ben anazikwa, wabeba jeneza wananong'onezana ati huyu ndiye wa kusimamishwa urais, mwenyewe hana habari, keshaenda zake ziwani, ananyoosha kimti kilichoinama halafu anatembea juu ya maji!

Kuna wanaosema ni karama, mtu hana hila moyoni. Sawa, lakini akiwa walii kweli basi wale matajiri hawakukosea kumchagua, na dhihaka yote ya muvi imekwenda na maji.

Wengine wanasema ni kiinimacho, kuna gati limefichwa chini. Hapo nakataa. Chance anasimama, anatumbukiza mwavuli ubavuni mwake, unazama karibu wote. Sasa mtu wa Lamu aelezwe nini, si ukipita Mkanda, ule mkondo wetu wa bahari, maji yakiwa makavu nahodha anashusha upondo vivyo hivyo ajue chombo kitapita ama kitakwama? Kina kipo. Mmoja kanijibu ubavuni si chini ya nyayo, gati laweza kuwa jembamba. Haya, na huyo Chance alijuaje lilipo?

Mimi kinachonishika ni kwamba hakuna anayemuona. Muvi nzima maajabu yake yalihitaji watu wa kuyatia maana, hapa wako mazikoni wanamsikiliza rais, tumebaki sisi watazamaji, na tumefanya yaleyale waliyofanya wao. Ila hoja hiyohiyo inawasaidia wa karama, maana kama hakuna wa kudanganywa basi jambo limetokea kweli. Naegemea la kwanza, kwamba ni sisi tunaotia maana, si kwa mbali.

Skripti ilikuwa na mwisho mwingine, Chance na Eve, mke wa Ben, wanakutana msituni, Ashby akabadilisha. Alifanya vizuri. Alichoharibu ni kuweka vipande vya Sellers akikosea na kucheka wakati majina yanapita, mtu bado unawaza ya ziwani ushakatwa stimu.