Karani naye asisahaulike

Makala ninayoyajibu hapa yameeleza vyema malalamiko ya watumishi wa mahakama za ngazi ya chini kuhusu ajira za mkataba na mishahara midogo, lakini makarani wametajwa kwa sentensi moja tu, ilhali wao ndio wanaopokea hati, kugonga muhuri wa tarehe na kufungua jalada. Muhuri huo si jambo dogo: rufaa iliyosajiliwa siku moja baada ya muda kuisha yaweza kutupwa bila kusikilizwa. Nimewahi kuketi kwenye benchi la masijala tangu asubuhi, nikimtazama karani mmoja akipekua rundo la majalada yaliyofungwa kwa kamba huku wakili akimhimiza; baadaye aliniambia kuwa mkataba wake huhuishwa kila baada ya miezi 3. Kanuni za Msingi za Umoja wa Mataifa kuhusu Uhuru wa Mahakama, za mwaka 1985, zinaitaka kila nchi mwanachama iipatie mahakama rasilimali za kutosha, nami sioni vipi wajibu huo uishie kwenye mshahara wa hakimu. Na pale ambapo halmashauri ndiyo inayolipa na mahakama ndiyo inayosimamia (tena pengine halmashauri hiyohiyo ni mdaawa, yaani mmoja wa wahusika wa kesi), mtumishi hajui ampelekee nani malalamiko yake.