Lami inayorudiwa na kurudiwa: ya Japan na ya kwetu

Wakuu habari za majukumu. Niko huku Japan, nafanya kazi kiwanda cha kuchanganya lami, na kinachonifanya niandike leo ni zile video zinazozunguka sana, barabara inakwanguliwa usiku na asubuhi magari yanapita, halafu chini watu wameandika "wenzetu hata lami hawatupi, wanairudia milele". Hiyo milele ndo siikubali. Hawairudii milele na wenyewe wanalijua hilo kuliko sisi tunaowasifia kwa mbali.

Tuwape haki yao kwanza. Kwenye kurudia wako mbali mno, tangu miaka ya 70 baada ya mafuta kupanda bei duniani wamekuwa wakifanya hivi, na sheria yao ya mwaka 2000 inamlazimisha mkandarasi atenganishe zege, mbao na lami anapobomoa ili vikatumike tena, ndo maana zaidi ya asilimia 99 ya lami inayong'olewa inarudi kazini. Mchanganyiko mpya ukitoka kiwandani, kwa wastani karibu nusu yake ni mali ya zamani. Sasa hapo ndo pa kusimama kidogo, maana ukiweka nusu ya zamani leo, halafu barabara hiyo ikang'olewa baada ya miaka kadhaa ikarudi tena kiwandani, humo ndani tayari kuna lami iliyokwisha kurudiwa, na nyingine ilirudiwa hata kabla ya hapo, na kwenye lile lundo uani hakuna jicho linaloweza kutenganisha hii ya mara ya kwanza na ile ya mara ya tatu. Zote nyeusi, zote vipande.

Kokoto hazina shida kubwa, na zenyewe na mchanga ndo kama asilimia 95 ya uzito wote. Kinachozeeka ni ile asilimia 5 hivi ya bitumeni inayoshika kila kitu. Inapochanganywa inapashwa moto nyuzi 150 na zaidi huku imetandazwa utando mwembamba juu ya kila jiwe, hewa inaipata vizuri, inaungua kimya kimya, halafu inaenda kulala barabarani miaka kumi inapigwa jua na oksijeni. Ni kama mafuta ya kukaangia chipsi, kila ukiyarudisha jikoni yanazidi kuwa mazito na meusi. Sehemu zake laini za mafuta zinapungua, zile ngumu zinaongezeka, na bitumeni inakuwa kavu ya kukatika.

Wanavyoipima ndo kitu nilichokipenda sana hapa. Wanaiyeyusha kwa kemikali itoke kwenye kokoto, wanaikusanya, wanaiweka kwenye kikopo kwenye maji ya nyuzi 25, halafu sindano iliyobebeshwa uzito, jumla gramu 100, inaachiwa juu yake sekunde 5 tu, wanasoma imezama kiasi gani kwa sehemu za kumi za milimita. Bitumeni mpya ya kawaida hapa ni 60 mpaka 80, kule Hokkaido kwenye baridi kali wanatumia laini zaidi, 80 mpaka 100. Ya zamani ikishuka chini ya 20, yaani sindano haizami hata milimita mbili, mzigo huo haupiti hivi hivi kama malighafi ya lami ya moto, labda uthibitike kwa kipimo kingine cha kuupasua. Kuna namba, siyo maneno.

Ikiwa juu ya hapo wanaongeza mafuta ya kulainisha, sindano inazama tena vizuri, ukisoma karatasi unaona bitumeni imerudi ujana. Haijarudi. Zile sehemu ngumu bado zimo, zimechanganywa tu na mafuta, na kila mzunguko zinaongezeka na mafuta yanahitajika zaidi, unafika mahali sindano inasema sawa lakini ukiivuta inakatika mapema na barabara inapasuka kabla ya muda wake. Ndo maana wahandisi wao sasa hivi wanaumiza kichwa kutafuta vipimo vingine na mafuta bora zaidi, wala hawajakaa kusherehekea ile asilimia 99.

Sasa njoo nyumbani Tanzania. Bitumeni yote tunaagiza nje kwa dola, halafu barabara ikikwanguliwa unakuta yale makwanguo yanamwagwa kama kifusi, mtu anajazia uani kwake, mengine yanatandazwa njia ya mtaa. Inaniuma kweli. Ile ni bitumeni tuliyoinunua na kokoto zilizopasuliwa kwa dizeli na jasho la watu. Lakini hata wanaosema tulete mitambo ya Japan tuweke nusu kwa nusu siwaungi mkono. Jua la Dodoma siyo la Tokyo, lami yetu ikifika siku ya kung'olewa inaweza kuwa imekauka kuliko hiyo ninayoiona hapa, na barabara zetu nyingi juu ni lami nyembamba ya kunyunyizia na kumwagia kokoto, ukikwangua unabeba na udongo wa chini. Kuna watakaosema lami ngumu ni nzuri kwetu maana haibonyei chini ya malori ya tani 56, ni kweli kwenye mikondo ya matairi itasaidia, ila ikipasuka masika yakaja maji yanaingia chini, tabaka la msingi linalegea, na mashimo tunayajua sote.

Mimi naona makwanguo yetu yaanzie chini, kwenye tabaka la msingi, yachanganywe baridi kwa emulsheni (bitumeni iliyochanganywa na maji) au bitumeni ya povu (ya moto iliyoumuliwa kwa maji kidogo) na saruji kidogo, huko hayapashwi moto tena na hayapigwi jua moja kwa moja. Ya juu tuiache mpaka tujue tuna nini mkononi. Kupima tunaweza, hiyo sindano ndo inayopima bitumeni inayoingia nchini kila siku, TANROADS, wakala wetu wa barabara kuu, wana maabara kuu, na kuna wahandisi wetu waliosomeshwa huku kupitia ABE Initiative, ule ufadhili wa masomo wa Japan kwa vijana wa Afrika, wanaoyajua haya kuliko mimi.

Na kabla ya mashine yoyote, mikataba iseme wazi makwanguo ni mali ya nani, yanalundikwa wapi, na kwenye kila lundo iandikwe yametoka barabara gani na ilijengwa mwaka gani. Japan lundo zimeshachanganyikana na hawawezi kurudi nyuma. Kwetu bado nyingi ni za mara ya kwanza, kwa hiyo tukianza kuandika sasa hivi tunawahi.