Kodi ya miezi sita: mpangaji wa Tanga anamjengea nani?

Nyuma ya nyumba moja ya Mikanjuni, hapa Tanga, kuna vyumba viwili vilivyosimama kwenye lenta, bila paa, tangu mwaka jana. Nyumba yenyewe ni ya Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani jiko na choo. Mwenye nyumba ni bibi anayekaanga mihogo jioni hapo barazani. Alinipeleka uani, akanionyesha zile kuta, akaanza kuhesabu kwa vidole. Wapangaji wawili wanahama. Wakiingia wapya, kila mmoja na kodi ya miezi sita kwa 40,000 ya mwezi, zinapatikana 480,000. Bati hizo, mbao atajua mbele ya safari. "Mwanangu, benki yangu ndiyo hao," akasema. "Ile yenye kiyoyozi haijui kama mimi nipo."

Wiki hiyohiyo nilikaa na kijana anayetafuta chumba mitaa ya hukohuko. Ni kibarua, analipwa kwa siku, na 40,000 ya mwezi anaimudu bila kelele. Asichokimudu ni mlango wa kuingilia. Miezi sita ni 240,000, dalali naye anataka kodi ya mwezi mmoja, jumla 280,000, na mfukoni ana 80,000. Hizo 200,000 itabidi azikope kwa wale wa kausha damu, wakopeshaji wa mtaani, arudishe 260,000 mwezi ukiisha. Piga hesabu: pango 240,000, dalali 40,000, riba 60,000. Gawa kwa miezi sita. Chumba cha 40,000 kitamgharimu karibu 57,000 kwa mwezi, na tofauti yote hiyo mwenye nyumba hataiona hata senti.

Ninawaweka watu hawa wawili kando kwa kando kwa sababu mjadala wa kodi za nyumba nchini kwetu huwa unamchukua mmoja na kumwacha mwenzake. Kila baada ya muda kiongozi husimama akasema wenye nyumba waache kudai kodi ya miezi sita au mwaka, wapokee mwezi kwa mwezi. Watu wanapiga makofi, dalali anacheka, jumatatu bei ni ileile na masharti ni yaleyale. Hakuna sheria inayoweka kikomo cha miezi, wala inayopanga bei ya chumba. Ni makubaliano ya wawili, na mwenye shida ndiye anayekubali.

Haikuwa hivyo siku zote. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya 1984 ilikuwapo, pamoja na mabaraza yake ya nyumba, hadi ilipofutwa 2005. Ndiyo maana wanaotaka serikali iingilie kati husema: turudishe kilichokuwapo. Wana hoja. Mpangaji anayedaiwa 240,000 kwa mkupuo hana nguvu ya kujadiliana, na ugomvi ukitokea mwezi wa tatu fedha yake tayari imeshageuka bati. Akihamishwa kazi, au mwenye nyumba akimgeuka, atadai kwa nani? Lipo Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, lakini sijaona kibarua anayeacha siku nne za kazi kwenda kudai salio la 120,000, tena bila mkataba wa maandishi. Kwa upande huu wa mizani, kikomo cha miezi si uonevu.

Ila wanaokumbuka enzi za udhibiti wanakumbuka pia neno moja ambalo vijana wa leo hawalijui kwa maana hiyo: kilemba. Kodi ilikuwa ndogo kwenye karatasi, na ili uingie ndani ulimpa anayetoka fedha ya pembeni, wakati mwingine kubwa kuliko kodi ya miaka. Bei haikushuka, ilihama mfuko. Kabla ya hapo, 1971, serikali ilitaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Pita katikati ya mji, tazama maghorofa ya zamani yenye roshani, yaliyojengwa na wafanyabiashara wa Kihindi. Mengi yakaangukia kwa Msajili wa Majumba, ambaye shughuli zake zilikuja kuunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa 1990. Waliopata kupanga humo kwa kodi nafuu walineemeka, na sioni sababu ya kuwalaumu. Lakini aliyekuwa na fedha ya kujenga nyumba ya kupangisha alijifunza somo, akapeleka fedha kwingine. Kwa miongo iliyofuata aliyeendelea kuwajengea wapangaji ni yule ambaye taifisho halikumgusa, yaani bibi wa vyumba sita.

Huyo ndiye shirika la nyumba la Tanga. Ngamiani, zile barabara zenye namba, Makorora, Msambweni, Mabawa, Mikanjuni: chumba baada ya chumba, tofali baada ya tofali, bila mhandisi wala mkopo. Anajenga pole pole kwa sababu mtaji wake unaingia pole pole, na kodi ya mkupuo ndiyo namna pekee ya kuufanya uingie kwa fungu. Mwambie apokee 40,000 kila tarehe moja. Fedha hiyo italiwa, ataimaliza kwenye ada, dawa na msiba. Vyumba viwili vitabaki kwenye lenta, na wapangaji wawili watagombania vilivyopo. Hapa ndipo hoja ya kupiga marufuku inaponipa shida. Kwa lugha ya wenye mabenki, mpangaji anamkopesha mwenye nyumba bila riba, na yeye mwenyewe anaikopa fedha hiyo kwa riba ya kuua. Mkopo upo. Umekaa tu kwenye bega lisilofaa.

Na wapangaji wanaongezeka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 273,332 katika Jiji la Tanga. Ya 2022 ikahesabu zaidi ya 390,000. Bandari imepanuliwa. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, ng'ambo tu ya ghuba. Muulize dalali yeyote kwa nini "master", chumba chenye choo ndani, imepanda, atakutajia bomba, hata kama chumba kiko Pongwe na mpangaji anauza mitumba. Zamani tulisifiwa kwa usemi wa waja leo waondoka leo. Siku hizi wanakuja na magodoro.

Serikali haijakaa bure, hilo lazima lisemwe. Shirika la Nyumba la Taifa lipo tangu 1962. Benki ya Nyumba ilianzishwa miaka ya sabini ikaanguka 1995, na baada ya hapo ikatungwa sheria ya mikopo ya nyumba ya 2008, ikaundwa kampuni ya kuzipa benki fedha za muda mrefu za mikopo hiyo. Nyumba mpya isiyozidi shilingi milioni 50 inayouzwa na mjenzi wa nyumba za kuuza imesamehewa VAT. Kwa mtazamo wa Dodoma, picha imekamilika.

Ishushe picha hiyo mpaka Mikanjuni. Riba za mikopo ya nyumba zimekuwa zikicheza kati ya asilimia 15 na 19. Chukua nyumba ya milioni 40, mkopo wa miaka 15 kwa asilimia 16: rejesho ni kama 587,000 kila mwezi. Kima cha chini cha mtumishi wa umma kilipandishwa kutoka 370,000 hadi 500,000 mwaka 2025. Kwa maana hiyo mtumishi wa chini, hata akifunga kula, akifunga nauli, hafiki. Riba ingeshuka hadi asilimia 7, rejesho lingekuwa karibu 360,000. Bado analia, ila angalau analia akiwa kwake. Haishangazi kwamba kwa taarifa za Benki Kuu mikopo ya nyumba iliyo hai nchi nzima haijafika hata 10,000, katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 61. Nyumba nafuu za namna hii si mbaya. Zina watu wake: mwenye mshahara wa kati, aliyeko nje ya nchi, mfanyabiashara. Kinachonikera ni kuitwa "nafuu" mbele ya watu wanaotafuta chumba cha 40,000.

Wenzetu wa ng'ambo ya mpaka wa Horohoro wamechukua njia nyingine. Kenya inamkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara, mwajiri naye anaongeza kiasi hichohicho, fedha inaingia mfuko wa nyumba. Mahakama Kuu iliipinga tozo hiyo Novemba 2023, Bunge likatunga sheria mpya Machi 2024, makato yakaendelea. Uzuri wake ni kwamba fedha ni nyingi na inaonekana, ghorofa zinasimama. Ubaya wake ni kwamba anayekatwa hana hakika ya kupata nyumba. Ukiihamishia kwetu, ambako wengi hawana hati ya mshahara ya kukatwa, itawabeba walimu na manesi wachache kwa niaba ya kila mtu. Siipendi.

Tena sisi wenyewe tumeshaonja tozo inavyoteleza. Kodi ya jengo ilianza kukatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, 2021, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, baadaye 1,500. Ni kodi ya mwenye nyumba. Lakini umeme ananunua nani? Tuliambiwa mpangaji amdai mwenye nyumba au apunguze kwenye pango. Katika nyumba ya vyumba sita inayochangia mita moja, nenda kamwambie bibi akupunguzie 250 yako, uone utakavyotazamwa. (Kiswahili chetu chenyewe hakisaidii, maana vyote viwili tunaviita kodi.)

Kwa hiyo niko wapi? Ninakubali kikomo, na ningekiweka miezi mitatu, na mkataba wa ukurasa mmoja unaogongwa muhuri serikali ya mtaa. Mwezi mmoja ni kumdanganya mpangaji, kwa sababu bibi atabuni kilemba chake kipya kabla wino haujakauka. Lakini kikomo peke yake, bila kumpa mwenye nyumba mahali pengine pa kupata fedha ya bati, ni kuhamisha maumivu. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kukopesha vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Sioni kwa nini akina mama watano wenye mapagale wasikopeshwe humo kuezeka vyumba vya kupangisha, kwa sharti la kupokea kodi ya miezi mitatu. Viwanja navyo: upimaji unaofika kabla ya watu, wenye barabara na bomba la maji, utasaidia Kange na Pongwe kuliko ghorofa tatu za mfano zilizozinduliwa kwa utepe.

Nitapingwa kwamba mikopo ya vikundi hairudi. Mingine hairudi, ni kweli. Lakini chumba kilichoezekwa hakihamishwi usiku, na kodi yake inaingia.

Nilirudi kule juzi kula mihogo. Vile vyumba bado havijaezekwa vyote. Kimoja kina bati, kingine anga. Kijana wetu ameingia hicho chenye bati. Hakulipa miezi sita. Walikubaliana alipe mitatu na mlango anunue yeye, 85,000 kwa fundi wa Makorora, ikatwe kwenye miezi inayofuata. Bibi ameiandika hesabu hiyo kwa mkaa, ukutani, ndani ya kile chumba kisicho na paa. Nikamuuliza mvua ikinyesha itakuwaje. Akasema mvua za vuli bado, na anayedai ndiye atakayekumbuka.