Nimekuja Kutumikia Watu, Nimekabidhiwa Hewa

Asubuhi hii nimekuta karatasi nyingine imebandikwa kwenye mlango wa sakristia, imepigwa chapa kwa herufi kubwa na kutiwa ndani ya plastiki ili isilowe, ingawa mlango wenyewe uko ndani ya jengo na haujawahi kunyeshewa tangu kanisa hili lijengwe. Karatasi inaagiza kwamba kuanzia leo dirisha wala mlango wowote usiachwe wazi kabla mhudumu hajasoma jedwali lililo chini yake. Jedwali hilo lina nyuzi joto za nje upande mmoja, asilimia za unyevu upande wa pili, na katikati kuna visanduku vyekundu na vya kijani vinavyoamua kama watu wa Mungu wapate hewa au wasipate. Mhudumu anayetajwa ni mimi.

Wenzangu mnaotumika ughaibuni sina haja ya kuwaeleza habari za viza, bima, kujiandikisha makazi na ule mwezi wa Februari. Hayo yametupata wote na tumeyameza. Linalonisumbua mimi ni suala la hadhi.

Mimi niliagwa, ndugu zangu. Usharika wetu kule Machame uliniita mbele ya madhabahu, mchungaji akaniwekea mikono, kwaya ya vijana ikaimba, akina mama wakanivisha vitenge, na mnada wote wa Jumapili ile ukatolewa kwa ajili ya safari yangu, ambapo jogoo mmoja alinunuliwa na kurudishwa mnadani, akanunuliwa tena na kurudishwa tena, hadi akafikia bei ya mbuzi. Barua yangu ilisema kwamba nakwenda Ujerumani kutumika katika usharika rafiki na kujifunza stadi mpya. Nikajiona nikitembelea wagonjwa, nikifundisha vijana kuimba kwa kucheza, pengine hata nikihubiri mahali ambapo wamisionari wa Leipzig walitoka kabla ya kupanda Kilimanjaro mwaka 1893. Kumbe stadi iliyokuwa ikinisubiri ni ya kufungua na kufunga dirisha.

Kanisa letu hapa Saksonia ni la mawe, kuta zake ni nene kuliko urefu wa mkono wangu, na waumini wa Jumapili ya kawaida hawatoshi kujaza viti vya kwaya moja ya kwetu. Hata hivyo lina kinanda cha mabomba. Gottfried Silbermann, yule fundi mkuu wa vinanda aliyefanya kazi mjini Freiberg na kufariki mwaka 1753, hakukijenga cha hapa, na jambo hilo huwauma kidogo wenyeji, lakini wanakitunza kana kwamba alikijenga na wiki ijayo atarudi kukikagua.

Mlinzi mkuu wa kinanda hicho ni mhandisi mstaafu, mzee wa baraza na msimamizi wa majengo, mtu mwema, mwenye baiskeli. Wengine humwita kwa jina lake la kwanza, lakini yeye ni wa rika la babu yangu na ulimi wangu umekataa, kwa hiyo namwita Bwana Mhandisi, naye hajakataa cheo. Wakati wa baridi alinifundisha kwamba joto la kanisa lisipande zaidi ya nyuzi moja kwa saa, kwa sababu mbao za kinanda zikipashwa moto kwa haraka hukauka, hujikunja na kupasuka. Sasa piga hesabu. Kanisa linalala kwenye nyuzi 8, na ibada ya saa nne asubuhi inatakiwa ikute nyuzi 14. Hapo zinahitajika saa sita, yaani mtu fulani aamke saa kumi alfajiri akawashe mtambo ulio chini ya mnara, kwa kuwa saa ya kuuwasha wenyewe imekufa na ombi la kuibadilisha liko mbele ya kamati inayosubiri jibu la kamati nyingine. Huyo mtu fulani mnamfahamu. Na baada ya yote hayo, nyuzi 14 ndizo zinazoitwa joto! Mabibi wanasali wakiwa na blanketi magotini, wakati kinanda kule juu kimetulia katika hali iliyopendekezwa na wataalamu.

Kukipiga pia ninajifunza, ila kwa kuwa nyumbani nilizoea kinanda cha umeme kinachojipigia ngoma chenyewe ukibonyeza kitufe, na hapa hata miguu ina sauti yake ya kupiga, habari hiyo naiacha maana ina machozi.

Turudi kwenye karatasi, ambayo chanzo chake ni jana. Jana ilikuwa ile siku ya kwanza ya joto mwezi Mei ambapo Wajerumani wote hutoka nje na kuketi juani kwa bidii. Nje kulikuwa na nyuzi 25. Bibi anayepanga maua ya kanisa alifika na ndoo zake kwa ajili ya harusi ya leo, akaingia ndani, akatoka, akarudi na koti.

"Mwanangu," akaniambia, "humu ndani ni friji. Fungua milango, joto liingie."

Nilifungua milango yote miwili na madirisha manne, nikiwa na furaha ya mtu ambaye hatimaye ameamriwa jambo linaloeleweka. Hewa ya uvuguvugu ikaingia. Bibi akavua koti. Kwa dakika chache nilihisi kwamba utume wangu umepata maana.

Ndipo baiskeli ikasimama nje. Bwana Mhandisi aliingia akiwa amevaa kipimaunyevu chake kifuani kwa kamba, pale ambapo maaskofu huning'iniza msalaba.

"Nani amefungua milango?"

Bibi hakusikia, kwa kuwa vifaa vyake vya kusikia huviweka mfukoni kila anapomwona mzee huyu.

"Ni mimi, Bwana Mhandisi. Joto liingie."

"Joto halijakatazwa. Yaliyokatazwa ni maji."

Nilitazama nje. Mbingu zilikuwa buluu kutoka mnara hadi mwisho wa mashamba ya ngano.

"Hakuna mvua, Bwana Mhandisi."

"Maji yamo hewani," akasema, kisha akanishika mkono kwa upole hadi kwenye ukuta wa kaskazini na kuubandika kiganja changu kwenye chokaa. "Unasikiaje?"

"Baridi."

"Nyuzi 12. Hewa unayoikaribisha ina nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 60. Hewa ya namna hiyo ikipoa hadi karibu nyuzi 17 huanza kutoa umande. Ukuta uko chini ya hapo. Kwa hiyo unaumwagilia ukuta maji. Leo ni umande, baada ya wiki chache ni ukungu, na ukungu ukiingia kinandani atakuja fundi mwenye glavu na barakoa, atoe mabomba moja baada ya jingine na kuyasafisha, na gharama yake..." Gharama hakuitaja. Alifumba macho tu.

Nikamkumbusha, kwa adabu zote nilizofundishwa na mama yangu, kwamba mwezi Januari yeye mwenyewe alinitaka nifungue madirisha yaleyale baada ya ibada, theluji ikiwa imefika magotini.

"Januari hewa ya nje ilikuwa kavu."

"Ilikuwa theluji, Bwana Mhandisi!"

"Hewa ya nyuzi 0, hata ikiwa imeshiba maji kabisa, ukiileta ndani na kuipasha hadi nyuzi 14 unyevu wake hushuka hadi asilimia 40 hivi. Ni hewa kavu sana. Inaondoa mvuke wa watu, lakini ikizidi inapasua mbao. Ndiyo maana nilikwambia dakika tano. Wewe uliacha sita."

Kwa hiyo nimeelewa hivi: siku ya baridi kali tunafungua, siku ya joto zuri tunafunga, na siku ambayo si ya baridi wala ya joto tunasoma jedwali. Ningeweza kuishi na sheria hiyo. Kilichonishinda ni lile neno, mvuke wa watu, kwa sababu nilifanya udadisi wa kuliuliza, na Bwana Mhandisi akatoa daftari.

Mtu aliyeketi tu bila kufanya lolote, alinieleza, hutoa gramu 50 hivi za maji kila saa kwa kupumua na kwa ngozi yake. Waalikwa wa harusi ni 120. Zidisha. Ni lita 6 za maji zinazoletwa kanisani kwa saa moja, na hapo hatujahesabu maua, ambayo pia yanapumua. Akahesabu ndoo za bibi kwa kidole. Bibi akazisogeza nyuma ya mimbari.

"Na wakiimba?" nikauliza.

"Wakiimba huongezeka."

"Na mama wa bibi harusi akilia?"

Nilidhani atacheka. Alitafakari kwa makini, kalamu ikiwa hewani, kisha akasema kwamba machozi hayafiki kiasi cha kuhesabika, isipokuwa katika mazishi makubwa.

Hapo, wapendwa, heshima yangu ilianza kuchanika. Nilimwambia kwamba kwetu ibada ya pili peke yake ina watu wasiokuwa na hesabu, kwaya nne, kikundi cha tarumbeta, watoto migongoni, masika inapiga mabati, na milango haifungiki kwa kuwa nusu ya usharika imesimama mlangoni, na baada ya saa tatu za kuimba kwa kucheza ndipo mnada unaanza. Kwa hesabu ya daftari lile, makanisa ya Kilimanjaro yangekuwa yameota uyoga tangu siku za wamisionari. Akaniuliza kwa dhati kama tuna kinanda cha mabomba. Nikasema hatuna. Akatikisa kichwa kama aliyepata uthibitisho, kisha akanikumbusha kwamba mwaka 2017 UNESCO iliuingiza ufundi wa vinanda vya Ujerumani katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu, na kwamba hakuna orodha kama hiyo kwa ajili ya waalikwa wa harusi.

"Jamani, watu ndio ibada yenyewe!" nilipaza sauti, kwa Kiswahili, maana Kijerumani changu hakina hasira ya kutosha.

"Amina," akaitikia bibi kutoka nyuma ya mimbari.

Mchungaji wetu, mama mmoja mwenye vijiji vitano na gari moja dogo, alipita akiwa njiani kwenda mazikoni, akasikiliza pande zote akiwa amesimama, akasema kila upande una hoja nzito na kwamba jambo hili litawekwa kwenye ajenda. Mpaka ajenda ifike, ikakubaliwa kwamba milango ifungwe, lakini ifunguliwe kila anapopita mtu mwenye shughuli ya harusi, na ifungwe papo hapo nyuma yake. Wenye shughuli wakaanza kumiminika: wa riboni, wa mishumaa, wa zulia, mjomba aliyekuja kutazama tu. Mchana kutwa nikawa komeo. Mwenye barua ya utume, aliyewekewa mikono, amesimama mlangoni anafungua na kufunga, huku mzee akitazama kipimo chake na kusema, "Asilimia 68. Haraka kidogo." Na karatasi ndiyo hiyo, imeandikwa usiku huohuo, maana kustaafu huku hakumzuii mtu kufanya kazi.

Mengine ni madogo. Kikundi cha tarumbeta cha hapa, wenyeji wa nchi iliyotuletea tarumbeta Mlimani, kimeniambia kwa upole kwamba napiga kwa sauti. Jirani aliyehamia karibu na mnara kwa hiari yake ameandika barua kuhusu kengele. Chupa tupu za divai ya Meza ya Bwana haziruhusiwi kutupwa kwenye kontena la chupa siku ya Jumapili kwa sababu ya kelele, kwa hiyo zinakaa chumbani kwangu hadi Jumatatu, na mgeni yeyote akizikuta hapo nitamweleza nini?

Tena ningevumilia yote hayo kama nyumbani wangenielewa. Mama hunipigia kila Jumapili jioni kuniuliza nimejifunza nini, kwa kuwa watu wanamuuliza kisimani na kwenye mkutano wa wanawake, na yeye hawezi kusimama mbele ya wenzake akasema mwanawe anafunga madirisha ya Wazungu. Juzi nilichoka kutafuta maneno, nikamwambia kwamba ninasomea mambo ya hewa. Kulikuwa na kimya kidogo, mtandao ukakwaruza, kisha mama akashangilia. Alisema alijua tangu utotoni kwamba nitakuwa rubani.

Nimejaribu kusahihisha. Haisahihishiki. Tangazo limekwishasomwa ibada ya kwanza na ya pili, baba mdogo ameshauliza kama ndege yangu inatua KIA au Nairobi, na mwenyekiti wa kwaya, ambaye tangu niondoke hakuwahi kunitumia hata salamu, ameleta orodha yenye tarumbeta sita, mafuta ya valvu, na kinanda, "hata kikiwa kidogo". Nimemwandikia kwamba abiria wa kawaida anaruhusiwa begi la kilo 23, na kwamba mimi ni abiria wa kawaida. Amejibu kwamba ananielewa vizuri, marubani wapya hukatazwa kutaja vyeo vyao kwenye simu, na kwa sababu hiyo hataniuliza zaidi, ila ameongeza kwenye orodha ngoma moja ya bendi, ile kubwa.