Tunaenda mita kumi

Ukisema hapa Lubumbashi, mji wa migodi, kwamba unasomea kuchimba chini, hakuna anayekuuliza unatafuta nini. Watakuuliza tani moja ni dola ngapi. Mimi nasoma akiolojia, na mama yangu, kwa kuchoka kueleza, huwaambia wenzake wa kanisani kwamba niko "upande wa mambo ya mawe". Asante sana, mama.

Mwalimu alitupa kazi ya likizo: shimo la majaribio, mita moja kwa mita moja, unashuka sentimita 10 kila tabaka, na kila kinachotoka unakiandika. Wenzangu walikwenda vijijini kwao. Mimi nauli sikuwa nayo, nikachagua ua wa nyumba tunayopanga huku Katuba, nyuma ya jiko. Mwenye nyumba alikuwa safarini. Mama aliniruhusu kwa sharti moja, nisiguse mihogo yake ya sombe. Kuhusu chekeche yake ya unga hakusema kitu, kwa hiyo niliichukua.

Tabaka la kwanza lilitoa vifuniko vya bia, betri kuukuu na mkono wa mwanasesere. La pili likatoa kipande cha waya wa shaba kilichoota kutu ya kijani. Nilikiinua nikipime vizuri kwenye mwanga. Juu ya ukuta alikuwapo mtoto wa jirani, ambaye huniita Yaya.

"Mama! Yaya amepata ya kijani!"

Huku kwetu Katanga, hata mtoto wa chekechea anajua kwamba malakiti, jiwe lenye shaba, ni ya kijani. Na hakuna aliyesahau mambo ya Kasulo, kule Kolwezi, mwaka 2014: mtu alichimba kwake akakuta kobalti, na mtaa mzima ukageuka mashimo, wengine wakichimbia ndani ya vyumba vyao vya kulala. Basi kabla sijamaliza kuandika "waya, kipande kimoja", ua ulikuwa umejaa. Mjomba wangu, ambaye hutuona wakati wa misiba tu, alifika na begi la nguo.

Mwenye nyumba naye akatokea. Alipandia nini kutoka huko safarini, mpaka leo sielewi. Siku zote hutuita "watu wa deni", lakini siku hiyo aliniita mwana wangu.

"Mwana wangu, uko unachimba nini?"

"Papa, natafuta vitu vya watu wa zamani. Kama pale Sanga, kando ya ziwa Kisale. Mwaka 1957 walifukua makaburi ya zamani sana, mengine yamepita miaka elfu moja. Ndani mlikuwa na vyungu, na misalaba ya shaba, ile iliyokuwa kwenye bendera ya Katanga."

Katika hotuba yote hiyo alishika neno moja.

"Shaba," akasema polepole, kama anayeonja bia ya kwanza ya mwezi.

Alirudi na vijana wawili, sepetu na magunia. Nikasimama mbele ya kamba zangu nimepanua mikono. "Papa, tafadhali! Sentimita kumi! Kumi kumi!"

"Sentimita gani?" kijana mmoja akanijibu. "Tunaenda mita kumi."

Tabaka la tatu likaingia lote ndani ya gunia, bila lebo, bila mchoro, likafungwa kwenye pikipiki na kuondoka kwenda depo ya wanunuzi wa madini. Sepetu ikazama tena. Safari hii ikatoka na mfupa.

Ua ukanyamaza. Nikamwona mwenye nyumba akikumbuka lile neno lingine nililomwambia, makaburi. Alikuwa wa kwanza kufika getini. Vijana waliacha sepetu, mjomba aliacha begi, na mama mmoja akaanza kukemea mapepo akiwa tayari yuko barabarani.

Mama yangu akatoka jikoni, akauchukua mfupa, akaugeuza mara moja. "Huyu ni mbuzi tuliyemla ulipopata diploma yako ya serikali," akasema. "Chekeche yangu iko wapi?"

Mwalimu aliusifu sana unyoofu wa kuta za shimo, walau pale juu. Kisha akapekua daftari mbele na nyuma, akauliza kwa nini kutoka tabaka la pili naruka hadi la nne. Nikamwambia la tatu liko depo, linasubiri kupimwa.