Kura ya lazima inamfunga nani?

Ikitajwa kura ya lazima, wengi humfikiria askari anayemswaga raia hadi kwenye sanduku. Sheria ya Australia haifiki huko. Aliyeandikishwa hufika kituoni, jina lake huwekewa alama daftarini, hupewa karatasi, huijaza faraghani na kuitumbukiza. Akiiacha tupu, hakuna wa kumjua. Asiyefika huandikiwa barua aeleze sababu. Akikosa ya maana, hutozwa dola 20 za huko. Akikaidi ndipo mahakama huingia.

Mwaka 1922, waliojitokeza hawakufika asilimia 60. Sheria ikapitishwa 1924, na uchaguzi wa 1925 ukavuka 91. Zaidi ya pointi 30 kwa mkupuo mmoja! Na si wingi tu uliobadilika. Kura ikiwa hiari, wanaobaki nyumbani aghalabu ni vijana na wenye kipato kidogo, na mgombea anayejua hesabu hahangaiki nao: fedha za kampeni huishia kuwaamsha wafuasi wake, au kuwavunja moyo wale wa mpinzani. Wote wakijua watakwenda, ujanja huo hauna soko. Serikali nayo hufungwa, kwani itamtozaje faini mtu iliyemwekea kituo asikoweza kufika? Huko hupigwa kura Jumamosi, kuna kura za mapema na za posta, na maofisa hulipeleka sanduku hadi hospitalini.

Wapinzani wana hoja: haki ya kuchagua ni pamoja na haki ya kukaa kando. Uholanzi, iliyoanza 1917, iliifuta lazima hiyo 1970. Wapo pia huko Australia, ambako wagombea hupangwa kwa namba, wanaoandika 1, 2, 3 kutoka juu hadi chini bila kusoma majina. Lakini kura zinazoharibika Australia, takriban asilimia 5 katika uchaguzi wa wabunge, nyingine huharibiwa na fomu yenyewe, inayodai kila mgombea apewe namba. Ukirudia namba yoyote, kura imekwenda.

Chile inawachokoza wa pande zote. Ilifanya kura kuwa hiari 2012. Kura ya maoni ya 2020 ikavuta karibu nusu tu ya wapiga kura, na takriban asilimia 78 wakataka katiba mpya. Mwaka 2022, lazima iliporudishwa, walifika zaidi ya asilimia 85, na takriban 62 wakaikataa rasimu ya katiba hiyo. Swali halikuwa lile lile, hivyo ugeuko wote tusiubebeshe sheria.