Pedali za kunasa jijini Kampala: zinamfaa nani, na kwa kiatu gani

Anayeulizia pedali za kunasa jijini Kampala, yaani zile zinazoshika kibati kiitwacho kliti, kilichofungwa chini ya kiatu, hujibiwa na kambi mbili. Moja humwambia kwamba bila hizo anapoteza nguvu bure kila anapopanda mlima. Nyingine humwambia kwamba anatafuta namna ya kuanguka mbele ya taksi. Kambi zote mbili zinatia chumvi, ila ya kwanza imetia nyingi zaidi.

Tuanze na nguvu, maana ndiyo hoja inayouza pedali hizi. Inadaiwa kwamba mguu ulionaswa husukuma ukishuka na kuvuta ukipanda, hivyo kazi inagawanyika. Mwaka 2008, Mornieux na wenzake walichapisha utafiti katika International Journal of Sports Medicine uliopima jambo hilo hilo. Aina ya pedali haikubadilisha ufanisi wa mwendeshaji, na waliojitahidi kuvuta juu walitumia nishati zaidi kwa kazi ile ile. Misuli inayonyanyua mguu ni dhaifu kuliko ile ya paja inayosukuma chini, kwa hiyo kuilazimisha ni gharama. Kuvuta kunasaidia pale mtu anapofyatuka kwa nguvu zote kwa sekunde chache. Ukipanda Makerere Hill kutoka Wandegeya kwa gia nyepesi, umekaa kwenye kiti, hutaona tofauti ya maana.

Hoja yenye uzito ni nyingine: mguu hautoki mahali pake. Msimu wa mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, zile pedali za plastiki zinazokuja na baiskeli nyingi za bei nafuu huteleza kama sabuni. Umesimama juu ya pedali kupanda mlima, soli imelowa, mguu unachomoka na pedali inarudi kukupiga kwenye muundi. Kwenye barabara ya udongo mwekundu iliyojaa makorongo, mtetemo pekee unatosha kuusogeza mguu kidogo kidogo hadi ukajikuta unakanyaga kwa unyayo wa katikati. Aliyenaswa hana shida hizo. Na akishapanga vizuri mkao wa kiatu, goti lake hupita njia ile ile kila mzunguko, jambo ambalo anayekwenda kilomita 40 za Kampala hadi Entebbe atalithamini.

Lakini shida hiyo ya kuteleza ina dawa mbili, na kambi ya kwanza huitaja moja tu. Pedali pana bapa yenye visumari vya chuma, pamoja na kiatu cha soli ya mpira iliyo bapa na ngumu kiasi, hushika mguu vizuri hata kwenye mvua. Hasara yake ni kwamba visumari hivyo vikikukosa kwenye soli vinakupata kwenye ngozi, na ndala au kiatu cha soli laini havifai hapo. Hata hivyo, kwa mtu wa safari fupi za mjini, mabadiliko hayo peke yake humaliza sehemu kubwa ya tatizo alilodhani linahitaji kunaswa.

Upande wa hatari, kinachoamua ni idadi ya mara unazoshusha mguu chini. Mtu anayetoka Kireka kuingia katikati ya jiji saa mbili asubuhi husimama kila mara: taksi inachomoka kuchukua abiria, boda boda inakatiza, mwenye toroli la ndizi amesita. Hata kwenye kipande cha Namirembe Road na Luwum Street kilichotengwa kwa waenda kwa miguu na baiskeli, watu ni wengi. Anguko la pedali za kunasa huwa halitokei kwenye kasi. Hutokea baiskeli ikiwa imesimama: mtu amesahau kuzungusha kisigino nje, baiskeli imeinama upande wa mguu ulionaswa, basi. Kwa kawaida ni mchubuko na aibu. Uganda tunaendesha kushoto, kwa hiyo ukiangukia kushoto uko ukingoni mwa barabara, na ukiangukia kulia uko kwenye njia ya magari. Ndiyo maana mguu wa kushoto lazima uwe ndio wa kwanza kutoka, tena kabla baiskeli haijasimama, na uzito wa mwili uegemezwe kushoto. Mazoezi yake ni mepesi: shika ukuta, ingiza na kutoa kila mguu mara 30, kisha rudia ukiendesha polepole kwenye nyasi hadi kisigino kizoee bila kufikiri.

Ikiwa bado unazitaka, achana kwanza na aina ambayo kliti hufungwa kwenye kiatu kwa bolti tatu, ile ya mashindano ya barabarani. Kliti yake ni plastiki kubwa inayotokeza nje ya soli. Ukitembea nayo hatua mia kwenye lami unaila, na kwenye sakafu ya vigae vya benki unateleza. Ni kifaa kizuri sana kwa mtu anayeanzia safari mlangoni kwake na kuishia hapo hapo. Kwa matumizi ya kila siku chukua aina ya bolti mbili, ile iliyoletwa na kampuni ya Shimano mwaka 1990 kwa baiskeli za milimani kwa jina la SPD. Kliti yake ni chuma kidogo kinachokaa ndani ya shimo la soli, mpira ukikizunguka, hivyo unatembea karibu kama kawaida. Crankbrothers nao wana mfumo wa bolti mbili unaostahimili matope vizuri, ila kliti zao ni za shaba ya njano, laini kuliko chuma, na huisha mapema.

Kwa SPD, namba iliyochongwa kwenye kliti ina maana. SH51 huachia kisigino kikizungushwa kando tu. SH56 huachia kwa pande zaidi, hata ukivuta mguu juu kwa nguvu kwa hofu. Wenye mbio huidharau SH56 kwa sababu inaweza kuachia katikati ya kuvuta. Sisi tumeshaona kwamba kuvuta kwenyewe hakuna faida kubwa, kwa hiyo anayeanza aichukue bila kusita. Kuhusu pedali, PD-EH500 au PD-M324 zina uso mmoja bapa na mwingine wa kunasa. Kwenye foleni unatumia uso bapa, hata ukiwa na viatu vya ofisini. Ukitoka mjini kuelekea Mukono unanasa. Adha yake ni kuipindua pedali kwa ncha ya mguu kutafuta uso unaoutaka, na siku za mwanzo inaudhi.

Viatu vya baiskeli hujitokeza mara moja moja kwenye mitumba ya soko la Owino. Geuza kiatu: mifereji miwili sambamba yenye matundu ya bolti ni mfumo wa bolti mbili, matundu matatu ya pembetatu ni ule mwingine. Nyanyua soli ya ndani uone kama kibati chenye hesi, ambacho bolti za kliti hukazwa humo, bado kipo. Kunja soli na uibonyeze kwa kidole. Viatu vilivyokaa ghalani miaka mingi huonekana vipya, kisha soli inamumunyuka wiki ya pili. Kama kuna kliti ya zamani yenye bolti zilizoliwa na kutu, hesabu na kazi ya kuzitoa.

Kufunga pedali yenyewe, fundi yeyote anaweza, na makosa ni yale yale. Mikono mingi inayobeba pedali ina tundu la inchi 9/16. Ile ya chuma iliyokunjwa kipande kimoja kulia hadi kushoto, ya BMX na baiskeli za watoto, ni nusu inchi na haitaingiliana. Pedali ya kushoto ina hesi za kinyume: tafuta herufi L na R kwenye mhimili. Paka grisi, zungusha kwa vidole mizunguko mitatu au zaidi kabla ya kugusa spana ya milimita 15. Ikikataa kwa vidole, iondoe uanze upya. Anayelazimisha kwa spana anaharibu hesi za mkono wa aluminiamu, na hapo gharama inazidi pedali.

Kwenye kiatu, gusa kiungo cha kidole gumba na kile cha kidole kidogo, weka alama kwa kalamu ubavuni, na kati ya kliti ikae katikati ya alama hizo au milimita chache nyuma yake. Ncha ielekee mbele moja kwa moja. Ikikaa kombo, goti litauma upande wa ndani au wa nje ndani ya siku chache. Kwa hiyo rekebisha kidogo kidogo, milimita mbili kwa mara moja. Soli mpya ikiwa nene kuliko ya zamani, kiti nacho kiinuliwe kiasi hicho. Springi za pedali, zile zinazobana kliti, zilegeze hadi mwisho kwa spana ya L ya milimita 3, kwa idadi sawa kulia na kushoto.

Matope ya udongo mwekundu hujaa kwenye shimo la soli na kukauka kama tofali, na hapo kliti haiingii. Kijiti kinatosha kuyatoa. Springi zipake kilainishi kikavu. Oili ya injini hukusanya vumbi.

Kinachotisha kweli ni bolti ya kliti iliyolegea. Unazungusha kisigino, kiatu kinageuka, lakini kliti imebaki palepale na pedali haiachii hata ukizungusha kupita kiasi. Ikikutokea, legeza kiatu na utoe mguu ndani yake, kiatu ukiache kwenye pedali. Zuia mapema: grisi kwenye hesi, kaza kwa spana ya L ya milimita 4 hadi Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza) 5 au 6, kagua tena baada ya safari mbili tatu za mwanzo. Kabla ya kukagua, chokoa mchanga kwenye kichwa cha bolti kwa pini, la sivyo spana itakaa nusu na kukila kichwa. Tembea na bolti mbili za akiba mkobani. Pedali ya kawaida utaipata kwa fundi wa pembeni mwa barabara, bolti hizi hutazipata.